Tumaini Lina Bei: Battlestar Galactica Tulivyoitazama Nyarugusu

Wasomaji wa jarida hili mmeshazoea tuandike juu ya nyimbo, mashairi na vile vitabu vichache vinavyofika maktaba. Mimi leo nataka kuandika juu ya sizoni. Najua wapo watakaosema sizoni ni za kupotezea muda, tena hii ina roboti na vyombo vya angani. Naomba mnivumilie. Katika zote nilizowahi kutazama, hii ndiyo tamthilia ndefu kuliko zote inayohusu wakimbizi tangu mwanzo mpaka mwisho, ingawa sidhani waliotengeneza walikuwa wanatufikiria sisi wa Nyarugusu.

Inaitwa Battlestar Galactica. Ya kwanza kabisa ilitoka 1978, kazi ya Glen A. Larson. Ninayoizungumzia ni ile iliyotengenezwa upya na Ronald D. Moore pamoja na David Eick. Ilianza na filamu ya sehemu mbili Desemba 2003, zikafuata sizoni 4, ikaisha tarehe 20 Machi 2009. Ni ya zamani, naam. Lakini huku kwetu vitu vinafika kwa flashi, na flashi haina haraka.

Tuliitazama Jumamosi mchana na kikundi cha vijana ninaowasimamia, kwa projekta na betri ya sola. Watu wanaongea Kiingereza, chini kuna maandishi ya Kifaransa, na mimi nimesimama pembeni natafsiri kwa sauti kama wale ma-DJ wa kibanda umiza. Nitaeleza kisa mpaka mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu aweke jarida pembeni, atazame kwanza, kisha arudi.

Kisa kwa kifupi ni hiki. Wanadamu wanaishi kwenye sayari 12 zinazoitwa Makoloni. Walitengeneza roboti za kuwafanyia kazi, wakaziita Cylon. Cylon wakaasi, vita ikapigwa, mwishowe wakasimamisha mapigano na Cylon wakaondoka. Miaka 40 kimya. Halafu siku moja wanarudi na mabomu ya nyuklia, sayari zote 12 zinateketea. Tena safari hii baadhi ya Cylon wamefanana na watu kabisa, yaani jirani yako anaweza kuwa mmoja wao na usijue. Waliosalimika ni karibu wote wale waliokuwa angani siku ile, kwenye meli za abiria na za mizigo, pamoja na manowari moja kuukuu, Galactica, iliyokuwa mbioni kugeuzwa makumbusho. Ni watu kama 50,000 hivi. Mkuu wa jeshi ni William Adama, ameigizwa na Edward James Olmos. Rais ni Laura Roslin, ameigizwa na Mary McDonnell. Huyu mama alikuwa waziri wa elimu, namba 43 katika orodha ya kurithi urais. Amekuwa rais kwa sababu waliomtangulia wote hawapo tena. Na siku hiyohiyo alikuwa ametoka kuambiwa na daktari kwamba ana kansa ya titi.

Hoja yangu ni moja. Tamthilia hii ni nzuri kila inapokumbuka kwamba tumaini lina bei, na ikatuonyesha nani aliyelipa. Mwishoni inajiharibia, kwa sababu inagawa tumaini bure.

Ubao wa Rais

Sehemu ya kwanza ya sizoni ya kwanza inaitwa "33". Mwaka 2005 ilipata tuzo ya Hugo, na ilistahili. Kila baada ya dakika 33 Cylon wanatokea, kwa hiyo kila baada ya dakika 33 meli zote lazima ziruke kwenda mahali pengine angani. Wameshafanya hivyo mara 237. Ni zaidi ya siku 5, hakuna aliyelala. Macho mekundu, mikono inatetemeka, watu wanagombana kwa vitu vya kipuuzi. Mimi nilitazama shingo imekaza kama vile na mimi nakimbizwa.

Kisha meli moja ya abiria, Olympic Carrier, inabaki nyuma na watu wake 1,345. Dakika 33 zinapita, Cylon hawaji. Watu wanaanza kuvuta pumzi. Baadaye ile meli inatokea peke yake, na Cylon nao hao nyuma yake. Ina maana hiyo meli ndiyo inayowaongoza adui. Ikikaribia, wote watakufa. Rais anatoa amri ipigwe. Lee, mtoto wa Adama, na rubani mwenzake Kara Thrace ndio wanaofyatua. Lee anapita karibu na madirisha akitafuta kama kuna watu ndani, na hatuonyeshwi wazi kama alimwona mtu. Vijana walibishana juu ya madirisha hayo mpaka betri ikaisha.

Ofisini kwa Rais kuna ubao mweupe wenye idadi ya waliobaki hai. Mwanzoni ni 50,298. Roslin anafuta na kuandika upya kwa mkono wake mwenyewe kila taarifa inapoingia. Mwisho wa sehemu hii imeshuka mpaka 47,972. Msaidizi wake Billy anamletea habari kwamba kwenye meli moja amezaliwa mtoto wa kiume. Rais anasogea ubaoni, anafuta 2, anaandika 3. Basi, imeisha.

Nililia mbele ya vijana, kwa ajili ya ile 3. Sisi tuliokulia kwenye kadi ya rasheni tunaijua namba. Kila mtoto hapa anajua kwao wameandikwa wangapi, maana namba hiyo ndiyo inayopima unga na maharage. Mtoto akizaliwa, baba anawahi kumwandikisha. Siku za uhakiki watu wanalala foleni. Mtu akifariki, nyumba inalia, na humohumo kwenye kilio kuna anayejua kwamba kadi itapungua, ila hasemi.

Binti mmoja wa kikundi akasema, "Dada, huyu rais anahesabu kama mama." Nikamuuliza kivipi. Akasema ofisi inahesabu ijue itoe vingapi, lakini mama anahesabu usiku ajue nani hajarudi. Nimesoma maneno mengi kuhusu tamthilia hii, sijaona yaliyolipita hilo.

Na ubora wa waandishi uko hapa: mkono ulioongeza 1 ndio mkono ulioamuru 1,345 wapigwe. Hawakumpa mama yule raha ya mtoto bila kumwachia deni la meli. Mtoto mchanga amepata usingizi kwa sababu kuna watu walilipa, na aliyeandika namba yake anawajua. Nilitoka pale nampenda Roslin na namwogopa, vyote kwa pamoja.

Uongo wa Adama

Turudi nyuma kidogo, mwisho wa ile filamu ya mwanzo. Kuna mazishi ndani ya Galactica. Majeneza yamepangwa, watu wamesimama kama miti. Adama anaona wamekata tamaa, anaanza kuwahutubia. Anawaambia ipo koloni ya 13 inayotajwa kwenye maandiko, inaitwa Dunia, na yeye anajua iliko, atawafikisha. Watu wanaamka na kuitikia kwa sauti moja kama kanisani. Baadaye Roslin anamfuata faragha na kumwambia, hujui iliko. Adama hakatai. Kwake yeye, watu wanahitaji kitu cha kuwafanya waendelee kuishi.

Nilimpenda Adama pale, na nikaendelea kumpenda sizoni 3 nzima. Uongo wa namna hiyo naufahamu. Kuna mama anayewaambia watoto, mwakani tutakuwa tumeshaondoka hapa. Kuna mzee anayesema kule Fizi nyumba ipo, miembe bado inazaa. Huwezi kumwita mama huyo mwongo. Anapika kwa kuni zilizo na maji, na hilo neno lake njo linafanya moto uwake.

Lakini tamthilia hii haikusahau. Katikati ya sizoni ya 4 wanaipata Dunia. Wanashuka, na ni jivu. Iliungua kwa nyuklia miaka elfu na zaidi kabla yao. Wote wamesimama ufukweni kwenye upepo, hakuna wa kumwangalia mwenzake usoni.

Hapa lazima nimtaje Anastasia Dualla, aliyeigizwa na Kandyse McClure, mzaliwa wa Afrika Kusini. Dualla ni afisa wa mawasiliano wa Galactica. Tangu siku ya kwanza sauti yake ndiyo inayoziita meli zote na kupeleka amri. Katika "33" ndiye tunayemwona akiwa na picha za familia yake, akifika kwenye ile korido ambayo watu wamebandika picha za ndugu zao waliopotea. Vijana walipoiona korido ile walinyamaza. Ilifanana na zile picha za Msalaba Mwekundu za watu wanaotafuta ndugu zao.

Sehemu ya "Sometimes a Great Notion" ilirushwa Januari 2009. Dualla ameiona ile Dunia iliyoungua. Usiku ule anakuwa na jioni nzuri kabisa. Anakutana na Lee aliyekuwa mume wake, wanacheka kama zamani, anarudi chumbani akiimba kwa sauti ya chini. Kisha anajiua.

Sehemu hii nilikuwa nimeitazama mwenyewe kwanza, nikaamua iwe ya waliofikisha miaka 18 tu, na tukakaa saa nzima kuzungumza baadaye. Yeyote mwenye kikundi afanye vivyo hivyo. Sikulia siku hiyo, nilipata hasira, na hasira yote ilimwendea Adama. Nikajikuta namsemesha kwenye ukuta, "Wewe njo ulimwambia ipo!" Na Adama anajua. Katika sehemu hiyohiyo amelewa, amevunjika, anamchokoza rafiki yake Tigh kwa maneno mabaya ili amuue.

Waandishi wangeweza kumtoa mtu tusiyemjua, tukasikitika kidogo tukaendelea. Wakamtoa yule aliyeitwa na kuitikiwa na meli zote. Uongo wa Adama uliwatembeza watu kwa miaka, hilo silikatai, na bila huo huenda wangekufa moyo wiki ya kwanza. Lakini ulikuwa mkopo, na aliyeulipa hakuwa yule aliyekopa. Hili ni jambo linalonihusu kikazi. Vijana wananiuliza kila wiki, dada, safari za nje zinafunguliwa lini? Tangu siku ile, nikijibu najisikia nimesimama mahali pa Adama, na Dualla yuko mstari wa mbele ananisikiliza.

Mahema ya New Caprica

Kabla ya hiyo Dunia, kuna sayari nyingine. Mwisho wa sizoni ya 2 kuna uchaguzi. Baltar, yule mwanasayansi ambaye udhaifu wake uliwafungulia Cylon mlango, anagombea urais kwa ahadi moja: tushuke, tukae, tupumzike, kuna sayari imepatikana. Roslin anaona ni hatari. Watu wamechoka na meli, wanamchagua Baltar. Inapofika mwaka mmoja baadaye tunaona makazi yenyewe. Mahema, matope, moshi, watu wamejifunga mablanketi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Hayo mahema yetu wameyapata wapi?"

Kicheko hakikudumu. Cylon wanafika, Baltar anasaini kujisalimisha, na sizoni ya 3 inaanza na watu wakiwa chini ya utawala wa adui. Kuna polisi wa kibinadamu wanaoshirikiana na Cylon, wanaofunika nyuso na kuchukua watu usiku. Kuna upande wa upinzani unaojilipua kwenye mikusanyiko. Tigh amepoteza jicho gerezani. Mkewe Ellen alitoa siri ili amwokoe, na Tigh anampa sumu kwa mkono wake. Galactica inakuja kuwatoa, na tukio la ile manowari kuanguka kutoka angani huku ikitoa ndege zake ni tamu mno, vijana walisimama juu ya mabenchi.

Lakini ona jinsi waandishi wanavyofanya. Baada ya ushindi kuna mahakama ya siri ya watu 6. Inawakamata waliodaiwa kushirikiana na Cylon na kuwatupa nje angani, kimyakimya. Nusura wamtupe Gaeta, aliyefanya kazi ofisini kwa Baltar. Kumbe ndiye aliyekuwa anawapelekea wapinzani habari kwa siri. Roslin anarudi madarakani na jambo lake la kwanza ni kutangaza msamaha kwa wote.

Ukumbini hakuna aliyekohoa. Kwenye kikundi chetu kuna watoto wa makabila ambayo wazazi wao hawakai pamoja kanisani. Kijana mmoja alitoka nje. Nilipomfuata akasema, "Msamaha wa wote ni rahisi kwa mtu ambaye hakuchukuliwa kitu." Sikumpinga. Tamthilia yenyewe haikumpinga, maana baada ya msamaha ule Tigh anabaki na jicho moja na kitanda kitupu, na hakuna anayemwambia kwamba sasa yamekwisha. Msamaha nao umewekewa bei yake, na jina la mlipaji linajulikana.

Kumbe walikuwa wanakuja huku

Sasa mwisho. Baada ya vita ya mwisho, Galactica inaruka mara moja zaidi na kutokea mbele ya sayari ya buluu na kijani. Ni dunia yetu sisi, miaka 150,000 iliyopita. Wanashuka Afrika. Nyasi ndefu, wanyama, mto. Kwa mbali wanawaona wawindaji wenye mikuki. Lee anatoa wazo kwamba waache kila kitu, meli zote zipelekwe kwenye jua, watu watawanyike duniani na kuanza upya bila mashine. Wanakubali. Roslin anafariki ndani ya chombo kidogo akiwa na Adama, akiangalia wanyama chini. Kwenye unabii ilisemwa kwamba kiongozi anayekufa hataishi kuingia kwenye nchi mpya, na wasomaji wa Biblia walikuwa wameshamwona Musa tangu sizoni ya kwanza. Hapo nililia, siwezi kuficha.

Kisha tunarushwa mpaka New York ya leo. Gazeti linasomwa: yamepatikana mabaki ya msichana ambaye huenda ndiye Hawa wa mitokondria, mama wa watu wote walio hai, aliyeishi mahali panapoitwa leo Tanzania. Tunaelewa kwamba ni Hera, yule mtoto wa baba mwanadamu na mama Cylon. Hawa wa mitokondria ni hoja ya kweli ya sayansi, ingawa wataalamu hawasemi kwamba alikuwa mwanamke peke yake wakati wake. Ila ukumbini hakuna aliyejali sayansi. "Tanzania! Walifika Tanzania!" Halafu mwingine, "Kibali waliomba kwa nani?" Tulicheka mpaka machozi.

Nilipofika nyumbani kicheko kikawa hasira, na bado ninayo. Nina sababu tatu.

Ya kwanza, watu hawa wamegombana sizoni 4 juu ya maji, mkate, kura na nani afanye kazi chafu. Sasa wanaambiwa waache dawa, zana na meli, na wote wanakubali kwa maongezi ya dakika chache. Hapa kambini kuhamisha bomba moja la maji ni vikao vitatu na wajumbe wa kila kijiji. Siamini hata kidogo.

Ya pili, wenyeji. Wanatazamwa kwa darubini kutoka kwenye majani, inasemwa hawana lugha, na Lee anaona wao wageni ndio watakaowapa lugha. Hakuna mwenyeji anayeulizwa neno. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika baada ya kambi hii kufunguliwa mwaka 1996. Wenyeji wa Kigoma waliowakuta walikuwa na lugha, tena Kiswahili hikihiki kilichotuchekesha kwa tofauti ndogondogo. Walikuwa na mashamba, na sheria, na maswali. Mkimbizi anayefika mahali pasipo na mtu wa kumwuliza swali yuko kwenye ndoto tu, sijawahi kumwona.

Ya tatu ndiyo kubwa. Nani alilipa? Nani alifia uzazi mwaka wa kwanza bila hospitali ya meli? Mvua za kwanza zilimkuta nani bila paa? Hatuonyeshwi. Hatuoni tena ubao, wala mtu akiandika namba kwenye jiwe. Tamthilia iliyotufundisha kuhesabu mpaka mtoto mmoja inawaachia watu wote nyikani na kutuambia wako salama. Badala ya asubuhi yao ya pili tunapewa New York na roboti za kuchezacheza kwenye televisheni.

Vijana hawakukubali

Haki inanitaka niseme kwamba wengi kwenye kikundi walinipinga. Kijana mmoja wa miaka 19, aliyezaliwa humuhumu kambini, alisimama akasema, "Dada, wewe unaangalia meli. Mimi naangalia zile nyasi. Hakuna geti. Mtu anatembea mpaka anachoka, hakuna anayemwambia toa karatasi."

Kwa wasomaji wasioishi hapa: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kutoka nje ya eneo la kambi kunahitaji kibali. Kijana huyu hajawahi kutembea mpaka akachoka kwenye mstari mmoja ulionyooka. Aliona Lee akiwatuma watu kila upande wa dunia, akaona kitu ambacho hakuna sehemu nyingine ya tamthilia ilichompa.

Nikamwuliza, "Na mguu ukivunjika huko, daktari hakuna?" Akajibu, "Nitavunjika nikiwa naenda nilikochagua." Wenzake wakampigia makofi.

Nimelifikiria jibu lake kwa muda. Naamini furaha yake ni ya kweli, na mhakiki anayeidharau furaha ya mtazamaji hafai. Lakini ona, hata yeye katika jibu lake ametaja mguu uliovunjika. Yeye mwenyewe ameweka bei, na amesema atalipa. Waandishi hawakufanya hata hivyo. Dakika 5 zingetosha, na mtu mmoja aliyeumia na bado anasema nimechagua. Mwisho ungekuwa wake huyu kijana, na mimi ningenyamaza.

Neno kwa wenzetu wa mashirika

Tarehe 17 Machi 2009, siku tatu kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa, Umoja wa Mataifa ulifanya mjadala juu ya tamthilia hii makao makuu New York. Moore, Eick, Olmos na McDonnell walikuwepo, Whoopi Goldberg akiongoza. Walizungumza haki za binadamu, ugaidi, watoto katika vita, na maridhiano. Kwa hiyo ndugu wa mashirika msiseme ni mambo ya vijana tu, wakubwa wenu waliiona kabla yetu.

Ninachowaomba ni kidogo. Mkija na habari, iwe ya safari, ya kurudi nyumbani, au ya mgao kubadilika, leteni na bei yake siku hiyohiyo. Semeni nani ataachwa, itachukua muda gani, na kipi hakina uhakika. Tutakasirika, labda tutawazomea. Lakini Dualla hakuuawa na habari mbaya. Alikuwa amebeba habari nzuri isiyo na bei, kwa miaka, na siku ilipodaiwa alikuwa peke yake chumbani.

Nawashauri muitazame, watu wazima kwanza. Anzeni na filamu ya 2003, msiruke, bila hiyo mtapotea. Sizoni ya 3 katikati inachosha, vumilieni. Flashi iko kituoni kwetu, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaanza tena tangu mwanzo, saa nane mchana. Njooni na viti vyenu, mabenchi hayatoshi. Yule kijana wa nyasi atakuwepo, na amesema safari hii ana hoja mpya.